Muda gani, si saa ngapi

Mwaka 2006, mwezi wa Ramadhani, usiku mmoja nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la intaneti huko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Mwaka ule mvua zilikosekana, maji ya mabwawa yakashuka, na mgao wa umeme ulikuwa umepamba moto. Mchana kutwa kompyuta zililala. Umeme ukirudi jioni ndipo biashara inapoanza: watu wakishafuturu na kuswali tarawehe, vijana wanaingia mmoja mmoja, wanakaa mpaka daku inakaribia.

Programu iliyohesabu dakika zao niliiandika mimi. Ndiyo ya kwanza niliyolipwa kwa kuiandika, na niliionea fahari. Mteja akikaa, dada wa kaunta anabonyeza kitufe, kompyuta inaandika wakati wa kuanza. Akiondoka anabonyeza tena. Kompyuta inachukua wakati wa kumaliza, inatoa wakati wa kuanza, inazidisha kwa bei. Saa nzima ilikuwa shilingi 1,000. Kwa miezi minne ilifanya kazi bila malalamiko.

Usiku ule kijana mmoja aliingia kitini ilipofika saa tano na dakika arobaini. Akamaliza saa sita na dakika kumi. Nusu saa kamili, yaani shilingi 500. Kwenye kioo ikatokea -23,500. Dada wa kaunta akanigeukia.

"Kaka, huyu tunamdai au anatudai?"

Kijana alilipa 500 yake akaenda zake. Mimi nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi na kalamu mpaka adhana ya alfajiri.

Kosa lilikuwa hili. Nilitumia lugha ya kuandikia programu iitwayo Visual Basic, na ndani yake mna amri iitwayo Timer inayokupa idadi ya sekunde zilizopita tangu saa sita usiku. Saa tano na dakika arobaini usiku inakupa 85,200. Ikigonga saa sita inarudi sifuri na kuanza upya. Dakika kumi baadaye inasoma 600. Toa 85,200 kwenye 600, unapata -84,600, ambazo ni saa 23 na nusu kwenda nyuma. Kabla ya Ramadhani tulikuwa tukifunga saa nne, kwa hiyo hakuna mteja aliyewahi kuvuka saa sita akiwa kitini. Kosa lilikuwemo tangu siku ya kwanza, likisubiri mtu akeshe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtoto wa pwani, na kwa hesabu za pwani siku haifi saa sita usiku. Siku inaisha jua likichwa, na usiku ndio unaotangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi magharibi. Nimekua nikilijua hilo kabla sijajua kusoma. Halafu nikakaa mbele ya kompyuta nikaandika programu ambayo kwake dunia nzima inaanza upya saa sita usiku, wala sikushtuka.

Hata saa zetu zenyewe ni hesabu ya muda uliopita. Wageni hutuuliza kwa nini tunasema saa moja asubuhi ilhali mshale umeelekea kwenye saba. Lakini ukisikiliza vizuri, tunaposema saa moja tunahesabu tulikotoka: kumekucha, na tangu kukuche imepita saa moja. Saa tatu, zimepita tatu. Hapa karibu na ikweta jua halituchezei sana, linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo kuhesabu kuanzia mapambazuko kunakubali. Waliotengeneza Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, walifanya jambo lile lile. Walichagua mwanzo mmoja, tarehe 1 Januari 1970 saa sita usiku kwa saa za dunia, ambayo hapa Tanga ilikuwa saa tisa usiku, kisha wakaiacha kompyuta ihesabu sekunde kutoka hapo. Mpaka leo simu yako, ukiifunua ndani, wakati wake ni namba moja ndefu ya sekunde tangu usiku ule.

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo mwandishi wa programu anapaswa kuyashika kama roho yake. Wakati, na muda. Wakati ni pale ulipo: saa ngapi, tarehe gani. Muda ni urefu wa kutoka hapa mpaka pale. Mtu akikuuliza "umechukua muda gani?" huwezi kumjibu "saa kumi na nusu". Programu yangu ya Ngamiani iliulizwa muda, nayo ikajibu kwa kutazama saa mbili za ukutani na kutoa moja kwenye nyingine. Mara nyingi jibu litakuwa sahihi. Ila linategemea sharti moja ambalo hakuna aliyeniahidi: kwamba katikati ya kutazama kwa kwanza na kwa pili, hakuna mkono ulioigusa ile saa.

Nilirekebisha haraka. Badala ya Timer nikatumia Now, inayotoa tarehe pamoja na saa, ili kuvuka usiku kusilete shida. Nikadhani nimemaliza.

Wiki haikwisha. Umeme ulikatika magharibi, ukarudi baadaye kidogo. Kompyuta ya kaunta ilikuwa kuukuu, na betri yake ndogo, ile ya mviringo kama sarafu iliyo kwenye ubao mama, ilikuwa imekufa. Kazi ya betri hiyo ni kuitunza saa wakati mashine haina umeme. Ikifa, mashine inaamka haijui leo ni lini, inashika tarehe iliyowekwa kiwandani. Ya kwetu iliamka ikiamini ni tarehe 1 Januari 2002. Wateja wakaingia, dada akabonyeza vitufe vyake. Baada ya muda akaona tarehe pembeni ya kioo si sawa na, kwa bidii yake njema, akairekebisha.

Kati ya waliokuwa wamekaa alikuwemo mama mmoja aliyekuja kusoma barua pepe ya mwanawe aliyeko Maskati. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Nilimsaidia kuifungua, akaisoma polepole, akairudia, akaniomba niandike jibu huku ananitajia maneno. Alipokuja kaunta kulipa, kioo kilimdai zaidi ya shilingi milioni 41. Programu ilikuwa imehesabu saa zote kuanzia mwanzo wa 2002 hadi katikati ya Oktoba 2006, na kila saa kwa 1,000.

Wengine wangecheka. Yule mama hakucheka. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mashine imekosea?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Nimekosea mimi. Mashine imefanya nilivyoiagiza."

Tangu siku hiyo suala hili si mchezo wa akili kwangu. Kuna mtu upande wa pili wa ile kutoa.

Ngoja nieleze kwa nini saa ya kompyuta inachezewa, kwa sababu watu wengi hudhani ni betri mbovu na mikono ya watu tu. Hata mashine mpya kabisa, isiyoguswa na mtu, saa yake lazima isahihishwe. Ndani yake mna kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi kinachotetemeka kikipewa umeme, na kile cha saa za kawaida hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 15, hivyo sakiti inaigawa kwa mbili tena na tena mpaka inapata mpigo mmoja wa sekunde. Ni kazi nzuri ajabu kwa kitu cha bei ndogo. Lakini fuwele haitetemeki sawasawa kabisa. Joto linaibadilisha, umri unaibadilisha. Ikikosea sehemu 20 tu katika milioni, na hicho ni kiwango cha kawaida, saa inapotea karibu sekunde 1.7 kwa siku. Kwa mwezi ni karibu dakika nzima.

Ndiyo maana kompyuta zilizounganishwa na mtandao huulizana saa. Utaratibu wanaoutumia unaitwa NTP, uliasisiwa na David Mills, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware huko Marekani, na maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1985. Mashine inauliza seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, inapima ujumbe ulichukua muda gani kwenda na kurudi, inakadiria imechelewa au imetangulia kiasi gani, kisha inajirekebisha. Tofauti ikiwa ndogo, inaharakisha au kupunguza mwendo wa saa taratibu bila wewe kujua. Ikiwa kubwa, inairusha saa kwa mara moja, mbele au nyuma.

Hapo ndipo kiini kilipo. Saa inayojibu "saa ngapi" inafaa kwa sababu inasahihishwa, isiposahihishwa itadanganya. Saa inayojibu "muda gani" inafaa kwa sababu hairudishwi nyuma na haiamuliwi na mtu, ikirushwa itadanganya. Saa moja haiwezi kufanya kazi zote mbili. Kwa hiyo mifumo ya kompyuta ina mbili. Ya pili haina tarehe, haijui kama ni Jumatatu au Ijumaa, ukiisoma peke yake namba yake haina maana yoyote. Inahesabu tu kwenda mbele, kwa kawaida tangu mashine ilipowashwa. Maana yake inapatikana pale tu unapoisoma mara mbili na kutoa.

Kwenye Windows ya wakati ule saa hiyo ya pili ilipatikana kwa amri iitwayo GetTickCount: milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde, tangu mashine kuwaka. Nilihamia huko. Na kwa kuwa umeme wetu ulikuwa wa kuja na kwenda, nikabadilisha pia kitu ninachohifadhi. Sikuandika tena kwenye diski wakati aliokaa mteja. Kila dakika niliandika muda aliokwisha tumia. Umeme ukikatika, mashine ikawaka upya na hesabu ya milisekunde ikarudi sifuri, nilichopoteza ni chini ya dakika moja, na mteja hakudaiwa dakika za giza. Bado nadhani hilo ndilo wazo bora nililopata mwaka ule: tunza urefu, usitunze mwanzo.

Lakini hata saa isiyorudi nyuma inaishi ndani ya kisanduku chenye ukubwa fulani. GetTickCount inatumia biti 32, yaani nafasi 32 za kuandikia sifuri au moja, na milisekunde zinazoenea humo ni 4,294,967,296. Ukigawa unapata siku 49, saa 17 na dakika mbili na ushei. Baada ya hapo inaanza sifuri. Windows 95 na 98 zilijulikana kwa kuganda zikifika siku hizo 49 bila kuzimwa. Visual Basic yangu ilikuwa na shida ya mapema zaidi, maana yenyewe inaitumia biti moja kati ya hizo 32 kuonyesha alama ya hasi, hivyo ukingo wake ni siku 24 na saa 20 na nusu. Ngamiani haikutokea kamwe. Hakuna mashine yetu iliyowahi kukaa siku 24 bila umeme kukatika.

Ndege hazikatikiwi umeme hivyo. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme wake kabisa mara kwa mara, kwa sababu zikiwa zimewashwa mfululizo siku 248, mitambo inayodhibiti jenereta zake ingeweza kujizima yote kwa pamoja, hata angani. Chukua kisanduku cha biti 32 chenye alama ya hasi, ukijaze kwa sehemu za mia za sekunde: kinafurika baada ya siku 248 na nusu.

Na ile namba ya Unix inayohesabu tangu 1970, kwenye mashine za zamani zinazoiweka katika biti 32, itafurika tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu itakuwa Jumanne, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Mifumo mipya imeshahamia biti 64. Kinachonitia wasiwasi ni vile vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani au ndani ya mitambo, ambavyo hakuna anayekumbuka vina kompyuta ndani.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwanafunzi ninayemfundisha namsimulia, na kila mara natua kidogo kabla ya kuanza. Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraki liliangukia bweni la wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia. Walikufa 28. Palikuwa na mtambo wa Patriot wa kulikinga eneo hilo, na haukurusha kitu.

Mtambo ule ulihesabu muda tangu ulipowashwa kwa sehemu za kumi za sekunde, namba nzima nzima, moja, mbili, tatu. Hapo hapakuwa na kosa. Ili kupata sekunde, programu ilizidisha hesabu hiyo kwa 0.1. Sasa, kompyuta inaandika namba kwa mbilimbili, yaani kwa sifuri na moja tu, na moja ya kumi kwa mbilimbili haina mwisho. Ni kama sisi tukigawa shilingi kumi kwa watu watatu: 3.333, unaandika mpaka karatasi inakwisha, na popote utakapokata umekata. Mtambo ulikuwa na biti 24, ukakata hapo. Kilichopotea kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde kilikuwa karibu 0.000000095 ya sekunde. Nani angejali?

Siku ile mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Saa 100 zina sehemu za kumi za sekunde milioni 3.6. Zidisha: kosa limefika karibu sekunde 0.34. Scud inakwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Rada ililiona kombora mara ya kwanza, programu ikakokotoa litakuwa wapi baada ya muda mfupi ili ilitazame tena, na kwa sababu ya theluthi moja ya sekunde ikatazama mahali penye tofauti ya zaidi ya nusu kilomita. Hapakuwa na kitu pale. Ikahesabu kuwa ni kosa la rada, ikaacha.

Sehemu inayoniumiza ni nyingine. Waisraeli, waliokuwa na mitambo hiyo hiyo, walikuwa wameshaligundua tatizo na kulitolea taarifa wiki mbili kabla. Programu iliyorekebishwa ilikuwa tayari, iko njiani. Tarehe 21 Februari ulitumwa ujumbe kwa watumiaji wa mitambo kwamba kuiwasha kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta kosa. Muda mrefu sana. Hawakuambiwa ni saa ngapi ndiyo huo muda mrefu. Kuuzima na kuuwasha upya kungetosha. Programu mpya ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya vifo.

Nisiishie kwenye vya kale. Usiku wa kuamkia mwaka 2017 dunia iliongezewa sekunde moja. Hufanyika hivyo mara chache, kwa sababu mzunguko wa dunia haulingani kabisa na saa za atomiki. Tangu 1972 zimeongezwa 27, na ile ndiyo ya mwisho mpaka sasa. Hapa kwetu ilikuwa inakaribia saa tisa usiku. Kampuni ya Cloudflare, ambayo hubeba sehemu kubwa ya safari za intaneti, ilikuwa na programu iliyoandikwa kwa lugha ya Go iliyopima muda wa kujibiwa na seva kwa kutoa wakati kwenye wakati. Ili sekunde ile ipate nafasi, saa ikarudi nyuma kidogo, muda ukatoka hasi. Namba ile hasi ikapelekwa kwenye amri ya kuchagua namba kwa bahati, ambayo haikubali hasi, na programu ikaanguka kwenye baadhi ya seva zao. Walieleza hadharani kila kitu, jambo ninaloliheshimu sana. Nilipoisoma ripoti yao nilimkumbuka kijana wa Ngamiani na -23,500 yake. Kutoa kule kule, na sharti lile lile lililovunjika. Mwezi Agosti mwaka huo lugha ya Go, toleo 1.9, ilianza kubeba saa zote mbili ndani ya kila usomaji wa wakati, ili ukitoa itumie ile isiyorudi nyuma bila wewe kukumbuka.

Nawapongeza waliofanya hivyo. Lugha nyingine zinakuachia mwenyewe uchague. Kwenye Python usipime muda kwa time.time, tumia time.monotonic au time.perf_counter, zilizoingia na toleo 3.3 mwaka 2012. Kwenye Java acha currentTimeMillis, shika nanoTime. Kwenye kurasa za tovuti, performance.now badala ya Date.now. Nimepitia programu za watu wengi, wengine wajuzi kuliko mimi, na kosa hili bado ndilo ninalolikuta kwanza.

Halafu kuna swali ambalo watu husahau kuliuliza: muda wa nani? Ukienda benki ukakaa foleni saa tatu, ukahudumiwa dakika nne, umetumia muda gani benki? Yote ni majibu ya kweli. Kwenye mfumo wa Linux ukiandika time mbele ya jina la programu, ikimaliza unapewa mistari mitatu. Ya kwanza ni muda uliopita ukutani, foleni ikiwemo. Ya pili ni muda ambao kichakataji, ubongo wa kompyuta, kilikuwa kinaitumikia programu yako, na ya tatu ni ule ambao mfumo wenyewe ulifanya kazi kwa niaba yako. Kijana mmoja alinijia akilalamika kuwa programu yake ni nzito, akataka kuiandika upya yote kwa lugha nyingine. Tukaipima: ukutani sekunde 12, kwenye kichakataji sekunde 0.3. Ilikuwa imekaa foleni ikisubiri hifadhidata. Hakuandika upya kitu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa watatu tukitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Moja ya kazi zake ilikuwa kuhesabu pumzi za mtoto. Mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida huhesabiwa anavuta pumzi mara ngapi kwa dakika moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka akifika 50, na wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano akifika 40, hiyo ni dalili ya nimonia. Mhudumu anagusa kioo kila kifua kinapoinuka, simu inahesabu dakika na kulia ikitimia.

Sehemu ya dakika aliiandika mwenzetu, nami nikaipitisha. Iliagiza simu hivi: subiri sekunde moja, ongeza moja, rudia mpaka 60. Ukiisoma haina kasoro. Lakini simu ukiiambia subiri sekunde moja, inakuahidi kwamba haitakuamsha kabla ya sekunde moja. Haikuahidi kutochelewa. Kwenye simu nzuri ilichelewa kidogo mno. Kwenye zile za bei ndogo, zilizojaa picha na programu nyingine, kila sekunde ilichelewa vijisehemu vyake, na vilijumlishana, kama kule Dhahran.

Aliyegundua si mimi. Ni muuguzi wa zahanati moja tulikokwenda kufanya majaribio, mama wa makamo mwenye saa ya mkononi yenye mshale mwekundu wa sekunde. Aliilaza kando ya simu, akatazama mpaka simu ilipolia.

"Kaka, dakika yako ni ndefu."

Ilikuwa na sekunde 63. Sikuhitaji karatasi. Mtoto wa miezi minane anayepumua mara 48 kwa dakika, kwa dakika yangu angehesabiwa 50, na angepewa dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Tungeamua kutumia saa ya ukutani ya simu, ingekuwa mbaya zaidi: mtandao ungeweza kuirusha sekunde 20 mbele katikati ya kuhesabu, na mtoto anayepumua mara 54 angehesabiwa 36 na kurudishwa nyumbani.

Tuliikarabati usiku ule ule, chumbani nyumba ya wageni. Kwenye Android kuna elapsedRealtime, inayohesabu tangu simu iwashwe, hata simu ikiwa imelala. Jirani yake uptimeMillis husimama simu ikilala, haikutufaa. Programu inaisoma mara moja mhudumu anapoanza. Baada ya hapo, kila kioo kinapojichora upya, inaisoma tena na kutoa, na inalia ikifika milisekunde 60,000. Ikichelewa kuchora, imechelewa kuchora tu. Urefu wa dakika haubadiliki. Tukaandika pia muda wa kila mguso, ili anayetilia shaka hesabu aweze kuipitia.

Asubuhi tulipanga simu tano mezani, kuanzia mpya hadi iliyopasuka kioo, na muuguzi akavua saa yake akaiweka katikati. Tukabonyeza zote. Chumba kizima kilinyamaza, hata kina mama waliokuwa kwenye benchi mlangoni. Mshale mwekundu ukazunguka, ukapanda, ukafika juu, na simu zote tano zikalia kwa pamoja.

Akairudia mara tatu. Kisha akavaa saa yake, akachukua ile simu iliyopasuka, akamwita mama wa kwanza kwenye benchi. Akamketisha, akaifungua taratibu kanga aliyomfunikia mtoto, akasubiri atulie, akaanza kuhesabu.